Mahali pa Mtu Kusimama

Bwana Idrisa alizikwa baada ya swala ya Ijumaa, na mimi nilifika nyumbani kwake, mjini Meru, wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta udongo kwenye viatu. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu niingie katika ua ule. Wanawake waliokuwa wakigawa pilau walinikalisha kwenye mkeka pamoja na wageni wengine wawili, wakatuwekea sinia moja, na kabla sijatia tonge la kwanza mdomoni nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake nyuma yangu: "Huyu ndiye Kinya, yule wa picha za mashamba." Mwenzake akauliza, "Zile kubwa za ukutani?" "Hizo hizo. Alianzia kwa marehemu, akiwa msichana tu." Nilikula pilau ile nikitabasamu, na katika msiba hilo halipendezi. Lakini naamini Bwana Idrisa angenisamehe. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutabasamu mahali pasipofaa, na mara nyingi aliyekuwa akimchekesha ni mimi.

Watu walipoanza kupungua, Njeru alinijia pale uani. Tulifanya kazi pamoja kwa Bwana Idrisa tukiwa vijana, yeye akitoka Embu na mimi upande huu wa Meru. Siku hizi ndiye mpiga picha wa arusi anayetafutwa kuliko wote kuanzia Embu hadi Nanyuki. Alinivuta mkono mpaka kwenye gari lake anionyeshe vyombo vyake. Buti ilikuwa imejaa: kamera, lenzi fupi na ndefu zimepangwa kama sufuria dukani, taa za kila namna, na droni katika sanduku lake jeusi. Alivionyesha kwa mapenzi, nami nilivitazama kwa mapenzi pia, maana sijawahi kudharau chombo cha mtu. Kisha akaugusa mkoba wangu begani.

"Na wewe siku hizi unabeba nini? Fungua nione."

Nikafungua. Kamera moja, lenzi moja, filamu kadhaa, kitambaa cha kufutia vumbi, na stendi ya mbao ambayo ukiisimamisha hainifikii hata kiunoni.

"Kinya! Ni hii tu? Na si unaweza nunua kitu yoyote unataka!"

"Naweza."

"Sasa?"

"Sasa sitaki nyingine."

Akacheka kwa sauti, kisha akakumbuka tulipo, akaziba mdomo. "Ni ile mwaka ya Gachoka ilikuharibu," akasema. Tulisimama pale tukiwa watu wazima wenye mvi, tukimcheka msichana ambaye alipelekwa Gachoka akilia. Watu wanaonihoji hudhani kwamba nimeapa kuishi maisha magumu, au nina chuki na mambo ya kisasa. Hata kidogo. Nimezoea tu kamera inayonilazimisha kutembea. Lenzi yangu haivuti kitu kilicho mbali, kwa hiyo nikitaka kilima kiwe kikubwa sharti niende kilipo, na nikienda hukuta kuna mto katikati, au ng'ombe, au mama fulani anayeniuliza natafuta nini huko. Kufika kwenye kilima kunachukua asubuhi nzima, na picha huwa imekwisha kubadilika kichwani mwangu njiani. Hayo yote niliyapata katika mwaka mmoja, na mwaka huo ulianza kwa machozi.

Studio ya Bwana Idrisa ilikuwa karibu na soko la Gakoromone, chumba kirefu chenye mlango wa mabati ya buluu. Mbele palikuwa na kaunta na benchi la wateja, nyuma palikuwa na chumba cha giza tulimooshea filamu, chenye harufu kali ya siki iliyotuganda nyweleni hata siku za kanisa. Katikati ndipo palipokuwa na pazia. Sijui nani alimuuzia. Lilikuwa pazia la turubai lililoshuka kutoka darini na kutandazwa mpaka sakafuni, na juu yake palikuwa na ziwa la nchi za mbali, milima ya theluji iliyochongoka, nyumba ya mbao na bata weupe wa shingo ndefu. Watu wa Meru walilipenda pazia lile. Wachuuzi wa ndizi walitoka sokoni na leso kiunoni, wakaosha uso kwenye bomba letu, wakasimama kando ya wale bata kama watu walioshuka ndege jana. Nami nikiwa nimeshika taa ya kumulika nilikuwa nikijiuliza kila siku: nje ya mlango huu kuna mlima wenye theluji yake, kuna vilima vya Nyambene, kuna mashamba ya chai yanayoshuka mpaka macho yachoke. Kwa nini watu wetu wanapigwa picha katika nchi za watu?

Nilimuuliza Bwana Idrisa swali hilo mchana mmoja tukila. Alikuwa na desturi ya kula pamoja na wafanyakazi wake kwenye meza ya kukatia picha, chapati na maharagwe kutoka hoteli ya jirani, na hapo mezani ruhusa ya kusema ilikuwepo. Alitafuna kwanza, akameza.

"Binti yangu, mtu akivaa suti anataka kwenda mahali. Utampeleka shambani kwake na suti?"

Njeru alikaribia kupaliwa kwa kicheko. Mimi sikukubali.

Mwaka ule simu zenye kamera zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa watu, na benchi la wateja likaanza kuwa na nafasi. Januari Bwana Idrisa alitukalisha, akatueleza bila kuzunguka. Alikuwa amekodi kibanda Gachoka, kule Mbeere, kwa ajili ya picha za vitambulisho na za wanafunzi. Mmoja wetu angekwenda kukisimamia. Mwaka ukiisha angetazama hesabu zake, na pengine asingeweza kubaki na wapiga picha wawili. Ile kamera mpya ya dijitali, yenye lenzi ya kuvuta, ingebaki Meru kwa ajili ya arusi, na arusi zilikuwa za Njeru. Basi hata kabla hajataja jina nilijua ni nani wa kufunga virago. Nililia katika chumba cha giza, mahali pazuri sana pa kulilia kwa kuwa hakuna anayefungua mlango. Nilipotoka, niliinua macho nikaiona juu ya kabati kamera ya zamani aliyoiweka kama pambo: sanduku jeusi lenye macho mawili ya kioo, moja juu ya jingine, unayoinamia na kutazama kutokea juu, kifuani.

"Nipe ile," nikamwambia.

"Ile? Ile ni mzee kuniliko."

"Maze, hiyo ni ya makumbusho," Njeru akasema.

Bwana Idrisa aliishusha, akaipuliza vumbi, akaangalia kama inafunga na kufungua. "Chukua. Ila isinirudie na mchanga tumboni."

Gachoka ilinipokea kwa joto ambalo sikuwahi kulijua. Mimi ni mtu wa kijani kibichi na ukungu wa asubuhi. Kule ardhi ilikuwa nyekundu, miti mifupi yenye miiba, na mbuzi waliosimama kwa miguu miwili wakitafuta jani. Nilipanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Runji, mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Chumba changu kilitenganishwa na hoteli kwa ukuta wa mbao na mlango wenye pazia la kitenge, kwa hiyo maneno yote ya wateja niliyasikia nikiwa kitandani: bei ya mbuzi, mvua iliyokwama, mchungaji aliyehamishwa, nani anatafuna muguka, ile miraa ya majani, akiwa kazini. Asubuhi Mama Runji alinipa uji wa mtama katika kibuyu, mchana githeri ya mahindi na kunde, na jioni ndengu, yaani choroko, zilizorojeka mpaka zikawa kama siagi. "Kula, kairitu," aliniambia, yaani msichana. "Nyinyi watu wa Meru mnakonda mkitoka kwa ndizi zenu."

Kazi ya kibanda iliisha mapema siku nyingi, na hapo ndipo nilipoichukua ile kamera na kutoka. Kuijua kulinichosha. Ndani ya kioo chake kila kitu kilikuwa kimegeuzwa: nikisogea kulia, nchi ilikimbilia kushoto. Picha yake ilikuwa ya mraba, pande zote sawa, na filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili tu. Haikuvuta, haikupanua. Lakini niligundua jambo moja mapema. Kwa sababu nilikuwa nainama kuitazama, watu hawakunikimbia. Njeru alipoinua ile yake usoni, watu walikaza shingo kama wanaelekezewa bunduki. Mimi nilionekana kama mtu anayesali, na wachungaji wa mbuzi walinipita wakinisalimu kwa upole.

Kabla mvua za Machi hazijaanza, mlima unaonekana Gachoka asubuhi na mapema, kama umesogezwa karibu usiku kucha. Nilidamka, nikaupata ukiwa na mwanga wa waridi kwenye theluji, ukajaza mraba wote. Nilipoosha filamu ile Meru mwisho wa mwezi, nilikimbia nayo mbele ikiwa bado imelowa. Bwana Idrisa mwenyewe aliguna kwa kuridhika, na kwa kuwa Pasaka ilikuwa karibu, akaipeleka Nairobi ichapishwe kwenye turubai kubwa. "Tuone kama suti zitakwenda shambani," akasema.

Hazikwenda. Nakumbuka kila sura ya siku ile ya Pasaka. Bwana mmoja mnene alisimama mbele ya mlima wangu, na katika picha vilele vilimtoka masikioni kama pembe. Bibi harusi akasema pale ni kama anaonewa na kitu kikubwa mgongoni. Mtoto akalia. Kufika mchana wateja walikuwa wakiuliza kutoka mlangoni, "Ile ya bata iko wapi?" na Bwana Idrisa, bila neno la kuniumiza, akapanda ngazi na kuuviringisha mlima wangu. Wakati ule ningependelea anigombeze. Njeru alinibebea mkoba mpaka nilipopandia gari la kurudi. "Picha ni kali, Kinya," akaniambia. "Lakini imejaa. Sijui nikuambie aje. Imejaa tu." Nilidhani anafurahia kushindwa kwangu, ingawa leo najua hakuwa akifurahi.

Nilirudi Gachoka na nakala ndogo ya ile picha ya mlima, nikampa Mama Runji, naye akaibandika ukutani hotelini karibu na kalenda. Miezi ikaenda. Mvua zikaja kidogo zikakatika, Julai ikaingia na baridi yake ya mawingu, Agosti vumbi likaanza. Sikuinua kamera kwa muda mrefu. Nilipiga picha za vitambulisho, nyuso zilizokaza juu ya kitambaa cheupe, nikala, nikalala. Kisha mchana mmoja nikiwa nimejinyoosha chumbani, wanaume wawili waliokuwa wakila walianza kuijadili ile picha ukutani, bila kujua kwamba aliyeipiga yuko nyuma ya mbao.

"Hii mlima imetoka poa," mmoja akasema.

"Imetoka," mwingine akajibu. "Lakini hii ni picha ya mtu alikuwa anapita na gari."

"Kwa nini?"

"Angalia. Hakuna mahali unaweza simama. Hakuna njia, hakuna chini. Mtu akikaa mahali, picha yake iko na pahali ya kuweka mguu."

Wakaendelea na habari za mbuzi. Mimi nilikaa kitandani, wima, kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikuwa amesema kweli, na Njeru alikuwa amesema kweli, na hata yule bibi harusi. Nilikuwa nimeishi miezi mingi Gachoka nikipiga picha za kitu kilicho kwingine. Nilikuwa napiga picha ili nionekane nimeona jambo kubwa, wala sikumwachia mtu mwingine nafasi ya kuliona.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi seremala nikamwomba anitengenezee stendi fupi. Alikuwa na vipande vya mukau, mti wa kwao usioliwa na mchwa, akanipimia nikiwa nimekaa chini, kwa maana nilitaka kamera iwe pale kichwa changu kilipo nikikaa. Alidhani nimepata maumivu ya mgongo. Kutokea chini hapo nchi ilibadilika. Ardhi iliyokuwa kama sakafu chafu ikawa sehemu kubwa ya picha, ikaanzia magotini mwangu na kwenda, na vilima vikashuka mahali pake, vidogo na vya buluu, kwenye ukingo. Nikaanza kutafuta jambo moja tu: mahali patupu katikati, palipoandaliwa na njia, na mti upande mmoja, na anga ya kutosha kwa kichwa cha mtu mrefu. Ukinitazama nikifanya kazi leo utaniona nikifanya hivyo hivyo. Wasomi wa sanaa huko Nairobi wamewahi kuniuliza kwa nini katikati ya picha zangu pako wazi, na wengine wameandika kwamba ni upweke. Mimi nawaambia ni adabu. Ukimkaribisha mgeni, unamwachia kiti.

Nilikuwa pia nimeacha kupenda alfajiri. Vitabu vyote vya upigaji picha vinasema utoke jua linapochomoza au linapozama, na ni kweli dunia nzima inapendeza saa hizo. Ndiyo maana sikuzitaka tena. Nilitaka saa ya Gachoka yenyewe, ile saa nne ya asubuhi ambapo watu wanalima, kivuli ni kifupi na rangi nyekundu ya udongo haina aibu. Nikangoja mvua za Oktoba.

Zilikuja zikachelewa kidogo, kisha zikamwagika. Ndengu ziliota kana kwamba mtu amezivuta kwa uzi, na nchi ile iliyokuwa ya vumbi ikawa nyekundu na kijani, rangi mbili tu zinazogombana. Nilikuwa nimechagua njia ya miguu nje kidogo ya soko, iliyopita kati ya shamba la ndengu na safu ya mkonge, ikaelekea kilima cha Kiang'ombe kule mbali. Asubuhi moja mvua ilipoanuka nilikaa pale kwenye tope na stendi yangu. Anga ilikuwa imeoshwa. Niliinamia kioo, nikasogeza, nikangoja wingu lipite, na ndipo Mama Runji akatokea ndani ya mraba wangu, jembe begani, akienda shambani kwake. Akasimama katikati ya njia.

"Kairitu, nimeharibu? Nitoke?"

"Hapana Mama! Simama hapo hapo."

Akasimama. Alikuwa amevaa gauni la kulimia na mabuti ya mpira, na sijapata kuona mtu aliyesimama vizuri namna ile. Vilima vilimfikia kiunoni. Mkonge ulimlinda upande mmoja. Anga yote ilikuwa yake. Nikafyatua, kisha nikamwomba apite, akapita akicheka na kuniambia chakula nitajipakulia mwenyewe, na katika udongo laini zikabaki nyayo zake zikienda mpaka pale aliposimama, kama zinamwonyesha mwingine njia. Nikafyatua tena. Nilijua. Si mara nyingi mtu anajua palepale. Mimi katika maisha yangu yote nimejua mara chache, na ile ndiyo ya kwanza. Niliimba njia yote ya kurudi, nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Desemba Bwana Idrisa alikuja Gachoka mwenyewe kufunga kibanda. Hakuficha. Alikaa hotelini kwa Mama Runji, akaletewa chai, akasema kwamba picha za vitambulisho hazilipi hata kodi na kwamba mwaka mpya asingetuweza wote wawili. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaweka mezani picha mbili, moja yenye Mama Runji na moja yenye nyayo tu. Alizitazama kwa muda mrefu huku chai ikipoa. Alikuwa mtu wa studio tangu ujana wake. Maisha yake yote alikuwa amewasimamisha watu mahali. Nikamwona anainua kidole gumba na kukisimamisha juu ya ile picha tupu, katikati, kama mtu. Akafumba jicho moja. Akakisogeza kidogo kushoto, akakirudisha.

"Hapa mtu anaingia," akasema polepole.

"Anaingia, Mzee."

"Nani kakufundisha hii?"

"Nimekaa tu."

Akaikunja karatasi ya hesabu aliyokuja nayo, akaitia mfukoni. "Sikiliza, binti yangu. Nitachapisha mara ya pili na ya mwisho. Ikikataliwa tena, turubai lake nitafunikia mahindi, na mimi na wewe tutaagana vizuri."

Siku ya mwaka mpya, soko la Gakoromone lilikuwa limejaa watu waliovaa nguo mpya. Njeru na mimi tulikuwa tumelitundika pazia langu tangu mapema, kando ya lile la ziwa, na kulitandaza mpaka sakafuni, hata njia ile nyekundu ikaja mpaka karibu na benchi. Wateja wa kwanza waliingia, wakatazama huku na huku, wakachagua bata. Wa pili wakachagua bata. Bwana Idrisa alipiga picha hizo bila kunitazama. Nilikwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha giza ili nikihitaji kuingia niwe karibu.

Ndipo akaingia Mama Mwiti. Kila mtu Gakoromone alimjua; aliuza nafaka kwa magunia, na siku ile alikuwa na mume wake, na gauni la zambarau lenye kung'aa, na viatu vya kisigino. Alielekea kwenye ziwa moja kwa moja. Kisha akasimama. Akageuza kichwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hii... hii si njia ya kule Gachoka? Hapa si Mbeere?"

"Ni Gachoka, Mama," nikamjibu kutoka kule nyuma.

"Mimi nimenunua ndengu huko miaka mingi! Hapo hapo ndio ndengu yangu inatoka. Baba Mwiti, kuja uone, si nilikuambia udongo yao ni nyekundu hivi? Ulikuwa unafikiri nakudanganya." Akakaribia, akafika ukingoni mwa turubai, akatazama zile nyayo. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliinama, akavua viatu vyake vya kisigino, akavipanga kando, akaingia njiani miguu mitupu.

"Mama, unaweza ingia na viatu, hakuna shida," Njeru akamwambia.

"Niingie shamba ya mtu na hii mavisigino? Wewe umelelewa wapi?" Akamvuta mumewe, naye akavua vyake. Wakasimama pale, gauni la zambarau na suti, vidole vya miguu wazi juu ya udongo wa Mbeere, na yule mama akainua kidevu chake kama mwenye nchi. Bwana Idrisa akainama kwenye kamera. Aliponyanyuka, nilimwona anafuta jicho kwa upande wa kiganja, kisha akapiga ya pili.

Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameona yote kupitia mlango uliokuwa wazi. Familia iliyofuata ilivua viatu bila kuuliza. Na iliyofuata. Waliokuwa wameshapigwa na bata wakarudi kudai zamu nyingine. Mchana ulipofika, viatu vilikuwa vimepangwa nje ya mlango wa buluu mpaka kwa jirani, vya watoto na vya wazee, vya ngozi na vya plastiki, kama msikitini, Bwana Idrisa alivyosema huku akicheka, na Njeru akiwa katikati yake akipaza sauti mtu asiondoke na vya mwenzake. Wakati fulani alinipita amebeba taa, jasho linamtiririka, akanipiga bega. "Maze, umetushinda wote," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari kana kwamba kilichotokea kilikuwa chake pia. Nacho kilikuwa chake. Sote wawili tulibaki kazini, na kazi ikatushinda kwa wingi.

Lakini bado nilikuwa sijaona kilele cha siku ile. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, aliyetoka upande wa Maua, alifika mbele akiwa tayari amevua viatu, akalitazama pazia, akarudi nyuma hatua.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hapa si kwetu. Ya Nyambene iko wapi?"

Mwanamke nyuma yake akadakia: "Na ya Tigania?" Mwingine akasema Chuka. Mwingine, Imenti, pale juu kwenye chai. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka barabarani kwamba yeye ni wa Runyenjes na hatatoka hapo mpaka aahidiwe. Ghafla foleni yote ilikuwa inataja makwao, majina ya vijiji, ya vilima, ya mito nisiyowahi kuyasikia, watu wakiinua mikono kama darasani, kila mmoja akitaka pahali pake papewe turubai. Bwana Idrisa alisimama mlangoni akiwasikiliza. Kisha aliingia ndani, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda katika umri wake ule huku Njeru akimshikilia, akalifungua lile ziwa na milima yake iliyochongoka, likaporomoka sakafuni kwa kishindo na kutimua vumbi la miaka. Ukuta ukabaki wazi.

Akashuka, akapangusa mikono, akaniita mbele ya watu wote kwa jina langu kamili.

"Kesho usije hapa," akasema. "Umesikia watu wanavyosema. Toka, kawaletee."

Nje bado walikuwa wakitaja majina.

"Nianzie wapi, Mzee?"

"Popote," akasema. "Ila beba filamu za kutosha."